Kimya cha Mwalimu Mauwa

Kama hujawahi kusimama mbele ya darasa la tano la shule ya serikali kule Mbagala, saa nne asubuhi, bati linawaka juu na uji bado haujaiva, huwezi kujua ni jambo la namna gani watoto tisini na nne kukaa kimya bila kutishwa. Walimu wa madarasa ya jirani walikuwa wakija dirishani kwa Mwalimu Mauwa kuchungulia, wengine na chaki mkononi, hawaamini macho yao. Watoto watatu watatu kwenye dawati, mikono mapajani, macho wameyafumba, wanahesabu pumzi zao kimoyomoyo. Fimbo haikuwepo. Mwaka jana mwezi wa tatu Mauwa aliichukua mwenyewe, akaipeleka ofisini kwa mwalimu mkuu, akaiweka mezani na kusema kuanzia siku hiyo haihitaji tena. Mwalimu mkuu, Mwalimu Mwishehe, mtu wa watu lakini mwoga wa barua za wakubwa, alimtazama akadhani anaumwa.

Mambo hayo Mauwa hakuyaokota njiani. Miaka minne nyuma mwanawe wa pekee alikufa kwa homa ya siku mbili, ana miaka sita. Siku ya mazishi Mauwa hakutoa chozi, na wanawake wa kwao Tandika wakamsifu, wakasema mwanamke ana subira huyu, Mungu kampa moyo. Kumbe wapi. Moyo ulikuwa umeganda tu. Baadaye mume akaondoka, naye akaanza kwenda Upanga kila jioni kuwafundisha tuisheni watoto wa familia moja ya watu wa Sri Lanka, na humo ndani mlikuwa na bibi wa miaka themanini, Mbudha, mwenye Kiswahili cha kuungaunga. Bibi huyo ndiye aliyemkalisha mkekani.

Alimweleza kwamba Budha hakuwa mungu. Alikuwa mtu, akajiuliza kwa nini binadamu tunateseka, akaona tunateseka kwa kung'ang'ania vitu ambavyo havikai. Kila kitu kinabadilika, kila kitu kinapita. Hasira ikija, au huzuni, itazame kama mgeni aliyepiga hodi; usiifukuze, wala usiitandikie kitanda. Wewe kaa na pumzi yako. Mauwa ni binti wa Kizaramo, anaswali swala tano na Ramadhani yake anaifunga yote, na hakuona kosa katika hayo. Dawa ya malaria imetoka China, alisema, na sie tunaimeza, hakuna anayeiuliza dini yake.

Ila bibi alisema na jambo la pili. Alisema kuna siku pumzi yenyewe itakuletea kilio, na siku hiyo usihesabu, lia. Hilo liliingia sikio hili likatokea lile. Mauwa alichukua nusu iliyomfaa, ile ya kukaa kimya, akaifunika juu ya kidonda chake kama sahani juu ya chungu, akaenda nayo shuleni. Na mie niseme wazi, sina ugomvi na falsafa ya mtu. Ugomvi wangu ni na hiyo nusu.

Darasani ilizaa matunda, usimwonee. Watoto waliokuwa wakipigana kwa sababu ya kifuniko cha kalamu wakaanza kuambizana "mgeni wako huyo amepiga hodi", wakacheka, wakaachiana mashati. Walipomuuliza yeye amejuaje kama dawa hii inafanya kazi, aliwajibu kwa kujiamini kabisa. Aliwaambia mwanawe alikufa, akaumia sana, akahesabu pumzi, akahesabu, akahesabu, na ikapita. Watoto tisini na nne walimsikia akisema ikapita. Uongo huo hata yeye mwenyewe alikuwa ameuamini.

Wazazi walinung'unika. Kwenye grupu lao la WhatsApp mmoja alisema ni dini ya sanamu, mwingine akasema ni mambo ya majini, wa tatu akauliza kama ada ya mtihani imepungua, akapuuzwa. Mwalimu Mwishehe akamwita Mauwa, akamwomba akiite kipindi cha utulivu na hilo jina la Budha aliache nyumbani. Alama za darasa zilipopanda, manung'uniko yakapoa, na huenda mambo yangekwisha hivyo kama si msiba wa Hope.

Hope alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, dawati la mbele, mkimya kwa asili, baba yake Leodegar ni karani bandarini na mama yake Editha alikuwa mshonaji. Wenyewe wa Bukoba. Mama alianza kuvimba miguu mwezi wa sita, mwezi wa nane akalazwa. Siku moja wakati wa mapumziko Hope alibaki darasani, akamuuliza mwalimu afanye nini, maana kila akienda hospitali kilio kinamjia na mama anakatazwa kuona watu wanalia. Mauwa alikuwa anasahihisha madaftari. Bila hata kuweka kalamu chini alimwambia ahesabu pumzi asikatishe, hakuna jambo lisilopita. Mtoto akaitikia ndiyo mwalimu, akatoka.

Editha alifariki Jumanne. Alhamisi mchana habari zilikuwa zimeshafika shuleni, tena zimekuja na mkia. Mtoto hajalia. Wanawake waliangusha vilio mpaka sauti zikawakauka, yeye kakaa kona ya chumba ameegemea ukuta, macho makavu, hali mpaka alishwe, hajibu mtu, midomo inachezacheza. Shangazi yake Benedicta, aliyekuja kutoka Segerea kusimamia msiba wa wifi yake, alimsogelea akatega sikio kwenye ile midomo na hakuelewa kitu. Akamuuliza Brightson, mtoto wa jirani anayesoma naye. Brightson, masikini, akajibu kama ilivyo, kwamba Hope anahesabu, na wamefundishwa na Mwalimu Mauwa.

Wee. Kufika jioni hilo grupu la wazazi lilikuwa linafukuta. Benedicta alirekodi sauti ya dakika nne, akaituma, na kila aliyeisikia akaituma kwingine. Alisema mtoto wa kaka yake amefungwa. Alisema mwalimu kamfunga machozi mtoto asimlilie mama aliyemzaa, na kwamba tangu enzi na enzi hajapata kusikia shule inayofundisha hivyo. Kisha akatangaza uamuzi. Jumamosi wakishaaga mwili, msafara utaondoka kwenda Bukoba kuzika, lakini Hope hatakwenda. Atapelekwa kambini kwa nabii mmoja huko Kigamboni, afungiwe maombi siku saba bila kula mpaka hayo yaliyomwingia yatoke. Leodegar hakubisha. Tangu Jumanne mtu yule alikuwa haelewi hata viatu vyake viko wapi.

Mauwa aliisikiliza ile sauti amesimama jikoni, akairudia mara tatu. Kilichomchoma si matusi. Ni siku saba. Mtoto ambaye tayari hali chakula, afungiwe siku saba, na mama yake azikwe hayupo.

Ijumaa Mwalimu Mwishehe alimwita akamfungia mlango. Hakukaa kwenye kiti chake, alisimama dirishani. Alimwambia afisa elimu amepiga simu, mwenyekiti wa kamati ya shule amepiga simu, na Jumatatu saa mbili Mauwa anatakiwa wilayani na maelezo ya maandishi. Akamsihi asiende kwenye ule msiba. Wanawake wameapa kumchania nguo, na akienda akatokea kwenye video, ajira ndiyo basi. Mauwa akauliza nani ameshaongea na Hope. Mwalimu mkuu akajibu hilo si la shule tena.

Sasa hapa kwetu, kwenye msiba wa mzazi wa mwanafunzi wako usipoonekana, umekiri. Na ukionekana, ndiyo hivyo, umejipeleka. Mauwa aliyapima yote mawili usiku kucha, na ilipofika asubuhi alikuwa na woga tu. Alivaa gauni jeusi, akajitanda khanga, akaenda na woga wake.

Nyumba ya Leodegar ilikuwa Kijichi, mtaa wa mchanga, turubai limefungwa kutoka ukuta wa nyumba mpaka kwenye mkorosho wa jirani. Jeneza lilikuwa limeshaletwa, liko juu ya meza chini ya turubai, limefunuliwa sehemu ya uso. Kwaya ya jumuiya ilikuwa inaimba. Basi la kwenda Bukoba lilikuwa limeegeshwa barabarani mlango wazi, na nyuma yake gari la nabii, Noah nyeupe yenye jina la huduma yake ubavuni. Mauwa aliiona hiyo Noah kabla hajaona kitu kingine chochote.

Alipoingia, maneno yalikatika safu moja baada ya nyingine, kuanzia viti vya nyuma. Mzazi mmoja, mama yake Brightson, akainuka akamkingia njia, amefunga kibwebwe. Wengine wawili wakainuka nyuma yake. Mauwa akasimama. Alihisi mkono wa mtu ukishika khanga yake kutoka nyuma, haukuvuta, ulishika tu. Simu tatu nne zilikuwa zimeshainuliwa. Katekista, mzee Adelard, akaja haraka, akasema kwa sauti ya chini kwamba hapa ni msibani, mtu akija kuhani hafukuzwi, yakiisha mtajua wenyewe. Ule mkono ukaachia. Mauwa akakaa kwenye mkeka wa mwisho, hakuna aliyesogea karibu yake.

Wakaanza kuaga. Watu walipita kwa mstari, wanawake wengine wanaanguka, wananyanyuliwa. Leodegar alipita ameshikwa mabega. Kisha katekista akaita mtoto wa marehemu.

Benedicta alimleta Hope amemshika mkono. Alikuwa amevalishwa gauni jeupe la kipaimara cha mtu mwingine, kubwa, na uso umepungua mpaka masikio yanaonekana makubwa. Akasimamishwa mbele ya jeneza. Akamtazama mama yake. Midomo ilikuwa inakwenda, haisimami. Kwaya ikamaliza ubeti na haikuanza mwingine. Watu mia mbili walikuwa wanamtazama mtoto wa miaka kumi na mmoja, wanasubiri.

"Kilio huanza mfiwa," alisema Benedicta, na hakuwa anapiga kelele, alikuwa amechoka. "Mfiwa mwenyewe ndiyo huyu. Sie wengine tunalia nini hapa?"

Kisha akageuka, akamtafuta Mauwa kwa macho mpaka akampata kule mwisho.

"Mwalimu, ulichomfunga nacho, mfungue. Mbele yetu. Ukishindwa, gari lile pale linamsubiri."

Mauwa akainuka. Ule mwendo wa hatua ishirini alikuja kusema baadaye kwamba hakumbuki hata moja. Anakumbuka alipiga magoti kwenye mchanga, wakawa uso kwa uso yeye na mtoto, na nyuma ya bega la mtoto lipo jeneza. Akamwita jina lake. Midomo ikasimama. Macho ya Hope yakahama taratibu kutoka mbali yalikokuwa, yakamfikia.

"Shikamoo mwalimu."

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Jumanne, na mnong'ono ukapita turubai zima.

"Marahaba, Hope."

"Nimefika elfu kumi na mia mbili," alisema Hope, sauti imemkauka kooni. "Nikikosea narudia nyuma. Sijakatisha. Lakini haipiti mwalimu. Kwako wewe ilipita ulipofika ngapi?"

Hakumuuliza kwa ubaya. Alikuwa anauliza kama anavyouliza darasani jibu la hesabu, apate kujua bado ngapi.

Mauwa alijua ni kitu gani kimewekwa mbele yake. Mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa amekaa safu ya pili. Simu zilikuwa hewani. Angeweza kusema namba yoyote. Angesema elfu ishirini, mtoto angefumba macho akaendelea, na watu wangeona ameongea naye vizuri, mtoto ameamkia na kujibu, huenda yangekwisha kwa amani na hata Jumatatu akapata la kujitetea. Namba moja tu. Na mtoto huyu angeitafuta namba hiyo mpaka utu uzima wake, kama yeye. Hapo ndipo Mauwa aliposhtuka. Kama yeye.

Akamjibu.

"Haijapita, Hope."

Mtoto alimtazama tu.

"Niliwadanganya," alisema Mauwa, na sasa alisema kwa sauti ya darasani, kila mtu akasikia. "Nimehesabu mwaka wa nne huu na haijapita hata siku moja. Mwanangu hajarudi. Mama yako amekufa, na hakuna namba ya kumrudisha. Acha kuhesabu, mwanangu. Kosa ni langu."

Safu ya pili mtu aliguna. Mauwa hakugeuka. Alikuwa anautazama uso wa Hope, na uso ule haukubadilika, na kwa muda wa kama kuhesabu mpaka kumi aliamini amemuua mtoto wa watu kwa mara ya pili.

Hope akageuka kwenye jeneza. Alimtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza ameletwa. Akanyoosha mkono, akagusa kitambaa cheupe pembeni ya shavu, akakivuta kidogo kukiweka sawa, alivyokuwa akifanya mama yake kwenye kola ya sare yake asubuhi. Akaita mama. Akaita tena kwa nguvu, kama anamwita yuko chumba cha pili. Mara ya tatu sauti ilipasuka, ikatoka yote ya siku nne kwa pamoja, akawa anaanguka.

Leodegar ndiye aliyemdaka. Yule mtu aliyekuwa haelewi kitu tangu Jumanne aliruka juu ya miguu ya watu, akamchukua mwanawe kifuani, wakaanguka wote mchangani wanalia, na turubai zima likaitika. Benedicta alijishika kichwa kwa mikono miwili. Alikuja akawainamia wote wawili, akalia juu yao. Dereva wa Noah alikuwa amesimama mlangoni pa turubai na karatasi yake mkononi, na Leodegar alipomwona alisema maneno ambayo kila mtu aliyasikia katikati ya vilio, kwamba mtoto anakwenda kumzika mama yake. Benedicta akamtazama kaka yake. Kisha akampungia dereva mkono aende.

Kwa Mauwa ilibaki kusimama na kuondoka. Alishatimiza alilojia, na wito wa Jumatatu ulikuwa palepale, pengine sasa una ushahidi pia. Akashika mchanga ajiinue. Akahisi kitu kinapanda kutoka chini ya mbavu, akafanya kama alivyozoea, akafumba macho na kuanza. Moja. Mbili haikuja. Akavuta pumzi aitafute ile mbili, na badala yake ikatoka sauti ambayo hakuijua ni ya nani, nzito na mbaya, ikamkunja mpaka paji la uso likagusa chini. Khanga ikamwanguka. Watu walidhani anaigiza, mama yake Brightson akasema hivyo hivyo, anatuigizia huyu. Lakini kilio cha kweli hakijifichi kwa mwanamke aliyewahi kufiwa, na pale hapakuwa na ambaye hajawahi.

Benedicta ndiye aliyeinuka kutoka kwa Hope akaja. Alikaa chini kwenye mchanga karibu naye, akaiokota khanga, akamfunika mabega. Akamshika mgongo.

"Unamlilia nani, mama?" alimuuliza.

Jina lile Mauwa hakuwa amelitamka tangu siku waliyolifukia, wala kwa mumewe, wala kwa bibi wa Upanga, wala kwenye dua zake.

"Twaha," alisema. "Mwanangu. Twaha."

Benedicta akainua uso, akawaambia wenzake, na sauti yake ikaanza ile namna ya kwao ya kuvuta jina la marehemu. Twaha, mwana wa mwalimu. Mwanamke mmoja akalipokea, akafuata mwingine, mpaka likafika kwa mama yake Brightson, aliyekuwa bado amefunga kibwebwe, naye akalipokea. Hawakuwahi kumwona mtoto yule, hawakujua hata alikuwa mweupe au mweusi. Walikaa kumzunguka Mauwa kwenye ule mchanga wa Kijichi, basi la Bukoba likisubiri, wakamlilia Twaha kwa jina lake.